Kujiandaa kwa Mtihani wa PMP kwa Kujisomea: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Miradi wa Lubumbashi

Mtu anayesimamia ujenzi wa shule kwa fedha za cahier des charges ya mgodi (makubaliano ya maendeleo kati ya kampuni na jamii), ufungaji wa mitambo mipya kiwandani, au mradi wa maji wa ONG (shirika lisilo la kiserikali) katika komini ya Ruashi, tayari anaifanya kazi inayoulizwa katika mtihani wa PMP (Project Management Professional, cheti cha usimamizi wa miradi), hata kama hajawahi kuviona vitabu vyake. Wengi wa namna hiyo hukwama kwa sababu ya njia waliyojiandalia. Hununua kitabu kinene, hukariri majina ya michakato kwa miezi mingi, kisha hukutana na maswali ambayo hayawataki wataje chochote, bali yanawaeleza tatizo la kazini na kuwauliza wangeanza na nini. Ninaandika kwa ajili ya mfanyakazi anayesoma jioni na mwisho wa juma, asiye na fedha za kulipia darasa la ana kwa ana, na msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya muda wake inapaswa kwenda katika mazoezi ya kuamua.

PMP ni cheti cha PMI (Project Management Institute), taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, na kimekuwa kikitolewa tangu mwaka 1984. Si cheti pekee. Mashirika mengi ya kimataifa hutumia PRINCE2, mfumo mwingine wa kusimamia miradi, na wafanyakazi wa ONG wanao mfumo wa PM4NGOs, ambao kitabu chake cha mwongozo kinapatikana bure hata kwa Kifaransa. Nimechagua PMP kwa sababu kinatambulika katika sekta za madini, ujenzi, benki na misaada kwa pamoja, na katika mji ambamo watu huhama kutoka sekta moja kwenda nyingine, jambo hilo lina uzito.

Hatua ya kwanza: hesabu miezi yako kabla ya kulipa chochote

Kanuni ambayo PMI imeitumia kwa miaka mingi inamtaka mwenye shahada ya chuo kikuu ya miaka minne awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na mwenye elimu ya sekondari, yaani aliyeishia kwenye Diplôme d'État, awe na miezi 60. Kwa kuwa masharti haya hurekebishwa mara kwa mara, soma kitabu cha waombaji kilichomo kwenye tovuti ya PMI wakati unapoanza. Mwenye licence ya mfumo wa zamani, iliyosomwa kwa miaka mitano, hana shaka juu ya kundi lake. Mwenye graduat ya miaka mitatu afanye hesabu yake kwa miezi 60, ili asije akajikuta amepungukiwa.

Miezi inayohesabiwa ni ya miradi, si ya shughuli za kila siku. Kusimamia malori yanayobeba madini kila asubuhi ni shughuli isiyo na mwisho, na haihesabiwi. Kusimamia ujenzi wa barabara mpya ya malori hayo, yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kukabidhi na bajeti yake, ni mradi. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kampuni zina wajibu wa kukubaliana na jamii juu ya cahier des charges na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, kwa hiyo vijana wengi wa Haut-Katanga wamesimamia visima, vituo vya afya na shule bila kujitambua kuwa ni wasimamizi wa miradi. Miradi hiyo inahesabiwa, ilimradi uwe uliiongoza. Kumbuka tu kwamba ukiwa uliongoza miradi miwili katika mwezi mmoja, mwezi huo unahesabiwa mara moja.

Usipofikisha miezi inayotakiwa, ipo CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia cha taasisi hiyo hiyo, ambacho hakidai uzoefu. Kinadai elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo, na mtihani wake una maswali 150 kwa saa 3. Anayekipata na kukiweka hai husamehewa saa za mafunzo atakapoomba PMP, kwa hiyo juhudi yake haipotei.

Hatua ya pili: pata saa 35 za mafunzo

Hapa anayejisomea anahitaji kuwa makini, kwa sababu kusoma vitabu nyumbani, hata kwa mwaka mzima, hakuhesabiwi kuwa saa za mafunzo. PMI inataka saa 35 za kozi. Habari njema ni kwamba kozi ya mtandaoni unayoifuata kwa mwendo wako mwenyewe inakubalika, ikiwa ina tathmini mwishoni na inatoa cheti kinachotaja idadi ya saa. Kozi za namna hiyo zipo za bei nafuu, na zinatosha kabisa. Kozi ya bei kubwa haiongezi alama. Chagua ile inayokuruhusu kupakua video, kisha zipakue usiku wakati vifurushi vya data vinaposhuka bei na mtandao unapopungua watu. Umeme ukikatika jioni, utasoma kwa simu iliyochajiwa bila kuhangaikia intaneti.

Hatua ya tatu: amua lugha mapema

Mtihani hautolewi kwa Kiswahili, lakini unatolewa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Aliyesoma shule zetu na chuo kikuu kwa Kifaransa afanye mtihani kwa Kifaransa, isipokuwa kama kazini anaandika ripoti zake zote kwa Kiingereza. Hatari ipo kwa yule anayesoma video za Kiingereza, kitabu cha Kifaransa na maswali ya mazoezi yaliyotafsiriwa ovyo, halafu siku ya mtihani anapoteza sekunde kwa kila swali akitafuta istilahi. Maswali mengi mazuri ya mazoezi yako kwa Kiingereza. Ukiyatumia huku ukijiandaa kwa Kifaransa, tengeneza orodha ya istilahi za lugha zote mbili tangu juma la kwanza.

Kiswahili kina nafasi yake katika maandalizi haya. Mkiwa watu wawili au watatu, kutaneni Jumamosi na kila mmoja awaeleze wenzake kwa Kiswahili kwa nini jibu fulani ni sahihi. Mtu akishindwa kulieleza kwa lugha anayotumia nyumbani, ujue alikuwa ameshika maneno tu.

Hatua ya nne: chagua vitabu vichache

Anza na muhtasari wa maudhui ya mtihani, ambao PMI inautoa bure kwenye tovuti yake. Huo ndio unaotumika kutunga mtihani, na vitabu vya maandalizi huufuata. Muhtasari ulioanza kutumika Januari 2021 uliyagawa maswali katika maeneo matatu: watu asilimia 42, michakato asilimia 50, na mazingira ya shughuli asilimia 8, tena ulieleza kwamba karibu nusu ya maswali yatahusu miradi inayopangwa yote mapema, na nusu nyingine mbinu za Agile (kazi hupangwa na kukabidhiwa kwa vipande vifupi vifupi) pamoja na mseto wa njia hizo mbili. Muhtasari hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na mabadiliko hayo hugusa asilimia na hata muda wa mtihani, kwa hiyo pakua ule utakaotumika katika tarehe yako na upuuze kitabu kilichoandikwa kwa muhtasari uliopita.

Kuhusu PMBOK, kitabu cha mwongozo cha PMI chenyewe, toleo la sita la mwaka 2017 lina michakato 49 iliyopangwa katika makundi 5, na toleo la saba la mwaka 2021 liliuacha mpangilio huo likaleta kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji. Matoleo hayo ni ya kurejea, hayafai kukaririwa. Isome michakato ya toleo la sita mara moja ili uelewe mradi unavyotembea kuanzia hati ya kuuanzisha hadi kuufunga, kisha endelea. Mwanachama wa PMI hupakua toleo la sasa la PMBOK bila malipo na hulipa ada ndogo zaidi ya mtihani, hivyo linganisha gharama za uanachama na punguzo hilo kabla ya kuamua.

Kwa upande wa Agile, soma mwongozo rasmi wa Scrum, moja ya mbinu hizo, wa mwaka 2020. Ni mfupi, hautozwi fedha, na upo kwa Kifaransa. Usome mara kadhaa, kwa sababu wenzetu wa ujenzi na madini hushindwa zaidi katika sehemu hii kuliko nyingine yoyote, wakidhani kwamba ni mambo ya watengeneza programu.

Hatua ya tano: jizoeze kuamua

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inapaswa kuchukua zaidi ya nusu ya muda wako. Tazama swali la aina inayokuja, nililolitunga kwa mazingira yetu:

Unasimamia ujenzi wa kituo cha afya katika kijiji kilicho karibu na mgodi. Kazi imefika katikati. Chifu wa kijiji anawasimamisha mafundi na kudai kwamba kisima cha pampu kiongezwe, kwa kuwa wagonjwa hawatakuwa na maji. Kisima hakimo katika mkataba. Unafanya nini kwanza? (A) Unampelekea mdhamini wa mradi suala hilo na kuomba fedha za ziada. (B) Unakubali kisima kwa sababu gharama yake ni ndogo na amani na chifu ni muhimu. (C) Unakutana na chifu ili kuelewa haja yake, kisha unachambua kisima kitaathiri vipi upeo, muda na bajeti. (D) Unamwonyesha chifu mkataba na kumweleza kwamba kisima hakiwezekani.

Jibu ni C. Lakini faida ya swali iko katika kuelewa ni kwa nini majibu mengine yanavutia. B inamvutia mtu mwenye busara ya kijiji, anayejua kwamba chifu akikasirika kazi italala. Kosa lake ni kuongeza kazi bila kupima athari na bila idhini. A inamvutia mtu aliyefanya kazi chini ya wakubwa wanaotaka kuamua kila kitu, na sisi wengi tumelelewa hivyo kazini. Mtihani unamtaka msimamizi afanye kwanza lililo ndani ya uwezo wake, kisha apande ngazi akiwa na uchambuzi mkononi. D inamvutia mhandisi anayetegemea karatasi, na inamfukuza mdau ambaye mradi hauwezi kwisha bila yeye. Baada ya C ndipo linapofuata ombi la mabadiliko, linalopelekwa kwa wenye mamlaka ya kulikubali au kulikataa, na mpango unarekebishwa baada ya idhini.

Sasa geuza swali hilo hilo. Fikiria kwamba mradi ni wa programu ya kusajili wagonjwa, inayotengenezwa kwa Scrum, na muuguzi mkuu anaomba sehemu mpya katikati ya sprinti (kipindi kifupi cha kazi cha timu). Hapo hakuna kamati ya mabadiliko. Ombi linapelekwa kwa mwenye bidhaa, naye analipanga katika orodha ya kazi zinazosubiri kulingana na thamani yake, na timu inaendelea na lengo la sprinti. Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya unapolisoma swali lolote ni kutambua kama mradi unaendeshwa kwa njia ipi, kabla hujayatazama majibu.

Ukiwa umefanya maswali mengi ya namna hii utaona mpangilio wa fikra unaojirudia. Kuelewa tatizo huja kabla ya kutenda. Mazungumzo ya ana kwa ana na mhusika huja kabla ya barua kwa mkubwa wake. Hatari iliyokwishaorodheshwa inapotokea, unatekeleza mpango ulioandikwa kwa ajili yake, huanzi kutafuta mawazo mapya. Mgogoro kati ya wanatimu unashughulikiwa mapema, faraghani, na wahusika wenyewe. Jibu linalomwadhibu mtu, linalosubiri tatizo lijiishie au linalomrushia mwingine mzigo karibu kila mara si sahihi. Mambo haya hayakutungwa ili kukupa shida. Ni adabu ya kazi, na anayeyachukulia hivyo huyaelewa upesi zaidi.

Hatua ya sita: hesabu

Hesabu ni chache na ni rahisi, lakini zinahitaji mkono uliozoea. Chukua kituo kile kile cha afya, chenye bajeti ya dola 120,000. Leo mpango ulitaka kazi ya dola 60,000 iwe imekwisha. Iliyokwisha kweli ina thamani ya dola 48,000. Fedha zilizotumika ni dola 54,000. Gawanya 48,000 kwa 54,000 upate 0.89, yaani kila dola iliyotumika imezaa kazi ya senti 89. Gawanya 48,000 kwa 60,000 upate 0.8, yaani mradi unatembea kwa asilimia 80 ya mwendo uliopangwa. Hali ikiendelea hivyo, gharama ya mwisho itakuwa 120,000 ikigawanywa kwa kile kigezo cha kwanza kabla ya kukikadiria hadi 0.89, sawa na dola 135,000. Kigezo kilicho chini ya 1 ni habari mbaya, kilicho juu ya 1 ni habari njema, na maswali mengi yanaishia hapo: utapewa vigezo viwili na kuulizwa mradi una hali gani na ufanye nini.

Makadirio ya pointi tatu nayo ni hivyo. Lori la vifaa linalopita Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, linaweza kuchukua siku 4 mambo yakinyooka, 7 kwa kawaida, na 22 forodha ikisongamana. Zidisha ile ya kawaida kwa 4, ongeza nyingine mbili, gawanya kwa 6: siku 9. Ongeza hapo njia muhimu ya ratiba, ambayo ni mfuatano mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana, na idadi ya njia za mawasiliano, ambapo watu 10 wana njia 45. Juma moja la mazoezi linatosha kwa haya yote.

Hatua ya saba: daftari la makosa na mitihani ya majaribio

Kwa mtu anayepata saa nane hadi kumi kwa juma, miezi mitatu au minne ni muda wa haki. Theluthi ya kwanza iende katika kozi na usomaji, na muda uliobaki katika maswali. Kila swali ulilokosa liandikwe kwenye daftari kwa sentensi tatu: nilichagua nini, kilichonivutia ni nini, neno gani katika swali lilipaswa kunizuia. Usiandike jibu sahihi peke yake, kwa maana utalikumbuka jibu na kurudia kosa. Baada ya majuma machache utaliona kosa lako la asili. Mmoja hukimbilia kwa wakubwa, mwingine hutenda kabla ya kuuliza, mwingine hausomi mstari wa mwisho unaosema «kwanza» au «baadaye».

Fanya angalau mitihani miwili au mitatu kamili, kwa muda kamili, bila simu. Katika mtihani wa muhtasari wa 2021, maswali yalikuwa 180 kwa dakika 230, yaani karibu sekunde 77 kwa swali, na mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120. Ukishakwenda mapumziko huwezi kurudi kwenye maswali ya sehemu uliyoimaliza. Mwili nao unapaswa kuzoea. Wengi huanza kupoteza alama katika saa ya tatu kwa uchovu tu. Maswali hayawi yote ya kuchagua jibu moja. Mengine yanataka majibu mawili au matatu, mengine kuoanisha, mengine kubofya sehemu ya mchoro.

Epuka maswali yanayouzwa kwa WhatsApp kuwa ni «ya mtihani wenyewe». Kuyatumia ni kuvunja kanuni ya maadili unayoikubali unapojiandikisha, na uaminifu ni moja ya nguzo nne za kanuni hiyo, pamoja na wajibu, heshima na haki.

Hatua ya nane: ombi, jina na ukaguzi

Ombi lijazwe wakati mazoezi yako yameanza kutulia, kwa sababu likishakubaliwa una mwaka mmoja wa kufanya mtihani, na nafasi tatu ndani yake. Kila mradi unaelezwa kwa aya fupi: lengo, jukumu lako, ulichokiongoza, matokeo. Andika «niliandaa», «niliongoza», «nilikubaliana na wadau», na si historia ya kampuni.

Baadhi ya maombi huchaguliwa kwa ukaguzi, na hapo utatakiwa kuleta nakala za diploma na uthibitisho wa waliokusimamia. Katika migodi yetu wakuu wa miradi hubadilika kila mara, na wengine hurudi makwao mkataba ukiisha. Watafute sasa, uwaombe ridhaa na uhifadhi barua pepe zao binafsi.

Jambo la majina linawaumiza Wakongo kuliko wengine. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili la asili) na prénom (jina la kwanza), na fomu ina nafasi ya jina la kwanza na la mwisho tu. Chukua pasipoti na uandike majina kama yalivyo humo, herufi kwa herufi, kwani yasipolingana na kitambulisho siku ya mtihani unaweza kuzuiwa. Ada hulipwa kwa dola na kwa karta ya benki. Karta ya Visa au Mastercard ya kulipia kabla inafaa, ila iulizie benki yako kama malipo ya mtandaoni yamefunguliwa na kikomo chake ni kiasi gani.

Hatua ya tisa: mahali na siku

Mtihani huendeshwa na Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani, ama katika kituo ama nyumbani mbele ya kamera. Tafuta kwanza kituo kwenye tovuti yake, ukitazama Kinshasa na nchi jirani ya Zambia, na upime gharama ya safari. Ninapendelea kituo, kwa kuwa umeme na mtandao vinakuwa jukumu la mwingine. Ukichagua kufanya ukiwa Lubumbashi, chagua kiangazi, mbali na radi za Novemba hadi Machi. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa, kompyuta yenye betri nzima, jenereta au inveta, na mtandao wa pili wa akiba kwenye simu ya mtu aliye nje ya chumba. Fanya jaribio la mfumo ukiwa katika chumba hicho hicho na saa ile ile. Hakuna anayeruhusiwa kuingia, kwa hiyo waeleze watu wa nyumbani tangu jana yake. Saa ya Lubumbashi iko mbele ya ile ya Kinshasa kwa saa moja. Hakikisha tovuti imeandika saa ipi.

Ingia dakika 30 kabla. Utapiga picha za uso, kitambulisho na chumba, kisha simu iwekwe mbali na mkono. Karatasi haziruhusiwi mtihani unapofanyika nyumbani. Kuna ubao wa kuandikia kwenye skrini, nao unahitaji mazoezi. Usisome kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Jibu kila swali, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Ripoti ya matokeo haitoi asilimia. Inaonyesha ngazi yako katika kila eneo. Usipofaulu, eneo lenye ngazi ya chini linakuelekeza kwenye kurasa za daftari la makosa za kurudia kabla ya kulipia nafasi ya pili. Ukifaulu, cheti kina miaka 3, na ili kukihuisha unahitaji pointi 60 za maendeleo ya kitaaluma. Kujifunza na kufundisha wengine vyote huzaa pointi hizo, kwa hiyo kikundi cha Jumamosi kisivunjwe. Anza kuwaandaa wanaofuata, na kila kipindi ukiandike kwenye akaunti yako ya PMI juma hilo hilo.